Mandari ya baharini isiwe ya watalii peke yao

Mhariri, assalam alaykum,

Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu kuhusu vyombo vya zamani vya bahari, akasema chombo kikishazeeka kina njia mbili tu, ama kikatwe kiuzwe chuma chakavu, ama kivutwe juu kifanywe makumbusho watoto wa skuli waje wakitazame. Nakubaliana naye mengi, lakini kaiacha njia ya tatu ambayo kwa sie tuliofanya kazi baharini ndo ya kwanza, chombo kipakie watu kiende. Mie nilikuwa fundi wa mashine melini, sasa nimestaafu niko zangu Malindi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha, mana nataka kuwapa kisa cha stima moja ya Uskoti na mtu akinitajia stima huwa sinyamazi upesi.

Stima hiyo inaitwa Waverley. Ni stima ya magurudumu, yaani nyuma haina propela, inasukumwa na magurudumu mawili makubwa yaliyokaa ubavuni, moja kulia moja kushoto, na juu zimesimama dohani mbili za rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Ndo ya mwisho duniani ya aina hiyo inayopakia abiria na kutoka baharini. Ziko nyingine za maziwani, Uswisi wanazo kadhaa nzuri tu, na za mitoni zipo, lakini ya maji ya chumvi imebaki hiyo moja. Na haikubaki kwa sababu serikali yao ina huruma na vitu vya kale, imebaki kwa sababu watu wa kawaida hawakuacha kukata tiketi, na hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini taratibu.

Glasgow, mji mkubwa wa huko Uskoti, unapitiwa na mto Clyde, mto wenyewe ukishuka chini unapanuka unakuwa kama mlango wa bahari, una visiwa na ghuba na vimiji kila pembe. Mwaka 1812 bwana mmoja anaitwa Henry Bell alitia majini humo stima ndogo ya magurudumu jina lake Comet, na hiyo ndo stima ya kwanza Ulaya kupakia abiria kwa nauli kibiashara. Sasa kwa nini Bell alijisumbua? Alikuwa na hoteli na mabafu ya kuogea kule Helensburgh, pwani ya mto huo, akataka wageni wa Glasgow wafike kwake bila ya tabu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza stima za pale zilizaliwa kwa ajili ya kupeleka watu kustarehe, mizigo na barua vikafuata. Comet yenyewe ilivunjika kwenye miamba mwaka 1820, lakini mlango ulikwisha kufunguka na miaka si mingi baadae mto ulijaa moshi.

Na waliopanda ni nani? Hapa wengi wetu tunakosea, tunadhani starehe ya baharini ni ya mabwana wenye kofia. Wale walikuwa watu wa viwandani, waunda meli, wafua vyuma, wanawake wa viwanda vya nguo, wanaokaa vyumba vya kubanana mjini kwenye moshi mwaka mzima, ikifika mwezi wa Julai Glasgow inafunga viwanda kwa sikukuu yao ya Fair, basi mji mzima unateremka gatini na watoto na vikapu na mabegi unakwenda Rothesay, Dunoon, Millport, kisiwa cha Arran. Kampuni za reli zikaona hapo pana pesa, kila kampuni ikanunua stima zake zikutane na treni pale gatini, abiria anatoka kwenye behewa anaingia stimani, na zikawa zinashindana kufika mbele hata manahodha wanasahau kama wamepakia watu. Ushindani huo ulishusha nauli na ukaongeza uzuri wa vyombo, saluni, mikahawa, bendi inapiga muziki juu ya sitaha. Pombe nayo ilikuwepo, tena nyingi, kulikuwa na zama ambazo Jumapili mabaa ya nchi kavu yamefungwa kwa sheria lakini chombo cha abiria hakikuguswa, basi watu walikuwa wanasafiri kwa dini hiyo. Mpaka leo huko ni mzaha, mume akimwambia mkewe nashuka chini kutazama mashine mke anajua anakwenda kutazama nini. Mie ningeshuka kutazama mashine kweli.

Waverley hii si ya kwanza kwa jina hilo. Ya kabla yake iliundwa 1899, ikafanya kazi ya mandari, vita vya kwanza ikachukuliwa kutegua mabomu ya baharini, ikarudi, vita vya pili ikachukuliwa tena, na tarehe 29 Mei 1940 ilikuwa Dunkirk pwani ya Ufaransa imepakia mamia ya askari wanaokimbizwa, ndege za Wajerumani zikaipiga ikazama na wengi wao. Ndo ikaundwa hii mpya kuchukua nafasi yake. Iliundwa palepale Glasgow kwa A. & J. Inglis, ikashushwa majini Oktoba 1946 na ikaanza kazi Juni 1947, mali ya kampuni ya reli ya LNER. Hebu fikirini, 1947 propela imeshatawala dunia nzima miaka mingi, na hawa bado wanaunda stima ya magurudumu. Walikuwa na sababu zao, nitazisema.

Mashine kwanza. Mtoto wa ndugu yangu anaishi huko Uskoti na aliwahi kuipanda, akanitumia video kwenye WhatsApp, nikawa naiangalia mpaka simu inakwisha chaji. Yenyewe ni mashine ya mvuke ya silinda tatu iliyoundwa na Rankin & Blackmore wa Greenock, nguvu ya farasi 2,100, na imelala mshazari, haikusimama kama mashine nyingi tulizozizoea. Mvuke unatoka kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji, una nguvu kali unaingia silinda ndogo, unasukuma pistoni, ukitoka hapo bado una nguvu kidogo basi hautupwi, unapelekwa silinda ya kati, unasukuma tena, ukitoka hapo umechoka unapelekwa silinda kubwa kabisa unamalizia kazi, alafu unapoozwa unarudi kuwa maji yanarejeshwa boila. Mvuke mmoja kazi tatu, hakuna kinachopotea ovyo. Pistoni zote tatu zinazungusha shafti moja nene inayokata chombo kutoka ubavu hadi ubavu na mwisho wa shafti kila upande ndo gurudumu. Nahodha juu anavuta telegrafu, ule mkono wa kupelekea amri, kengele inalia chini, fundi anageuza mashine kwa mkono. Hakuna kompyuta. Na chumba chenyewe kiko wazi, abiria wanapita kwenye ujia kando yake wanaviona vyuma vinakwenda mbele nyuma vimepakwa mafuta vinang'aa, watoto wanasimama midomo wazi. Mie huko nyuma nimefanya kazi kwenye vyumba vya mashine ambavyo abiria hata hajui kama kuna watu chini, na nasema kweli niliona wivu.

Magurudumu nayo yana akili yake. Zile mbao za gurudumu hazikupigiliwa zikakaa zimekaza, kila ubao una bawaba na mkono unaougeuza kidogo kidogo wakati gurudumu linazunguka, ili ukiingia majini uingie wima na ukitoka utoke wima, usiyapige maji kofi wala usiyainue juu bure. Mtu aliyewahi kupiga kasia atanielewa mara moja. Faida ya magurudumu ni kwamba chombo hakihitaji kina kikubwa, kinaingia kwenye gati za maji mafupi, na kikitaka kusimama kinasimama upesi, ukigeuza mashine magurudumu yanayakamata maji papo hapo, na kwa chombo kinachopiga gati baada ya gati siku nzima hiyo ni faida kubwa. Ndo sababu yenyewe ya kuunda ya magurudumu hata 1946.

Hasara pia ipo na mie sifichi. Baharini kwenye mawimbi makubwa chombo kikilala upande gurudumu moja linazama sana na jengine linatoka juu linazunguka hewani, mashine inateseka. Hata abiria wakikimbilia upande mmoja wote kutazama kitu chombo kinalala na mwendo unaharibika. Na magurudumu ya Waverley yote mawili yako kwenye shafti moja, huwezi kupeleka moja mbele na jengine nyuma ukajigeuza palepale, kwa hiyo nahodha wake lazima awe mjuzi. Mambo haya yanajulikana zamani. Mwaka 1845 jeshi la maji la Uingereza lilifunga meli mbili kwa kamba, Rattler ya propela na Alecto ya magurudumu, zikavutana kama watoto wanavyovutana kamba, Alecto ikaburutwa kinyumenyume huku magurudumu yake yanazunguka mbele kwa nguvu zote. Baada ya hapo kwa safari ndefu magurudumu yalikuwa yanahesabu siku zake.

Kilichoua stima za mandari lakini si propela. Ni gari binafsi na ndege. Miaka ya 60 mfanyakazi wa Glasgow akaanza kupata gari lake, akapata na tiketi rahisi ya ndege kwenda kwenye jua Hispania, aende Rothesay kunyeshewa na mvua kufanya nini. Stima zikaondolewa moja moja, zikakatwa vyuma, na Waverley ikamaliza msimu wake wa mwisho wa kampuni mwaka 1973. Kampuni haikuwa na haja nayo tena. Kulikuwa na chama cha wapenzi wa stima za magurudumu, kimeanzishwa 1959, watu wa kujitolea tu, walimu, makarani, mafundi. Agosti 1974 wakauziwa stima nzima kwa pauni 1.

Pauni moja, mhariri. Wengi waliamini itafungwa mahali pamoja iwe pambo au mkahawa, kama msomaji mwenzetu anavyotaka. Wale watu wakakataa. Wakachangisha, wakakwangua kutu na kupaka rangi kwa mikono yao, na mwaka 1975 ikatoka ikapakia watu. Mwaka 1977 ikapanda juu ya miamba ya Gantocks karibu na Dunoon, watu wakadhani ndo basi tena, ikatolewa ikatengenezwa. Mwaka huohuo ilishatoka nje ya Clyde kwa mara ya kwanza ikenda mpaka upande wa Liverpool na Wales, mwaka uliofuata ikafika kusini na mto Thames London, na hapo ndo waliponusurika, mana walitambua kwamba abiria wa Clyde peke yao hawatoshi kuilisha, lazima chombo kifuate watu walipo.

Sasa msinifahamu vibaya, stima hii ni njaa isiyokwisha. Boila zimebadilishwa 1981, zikabadilishwa tena kwenye matengenezo makubwa ya mwaka 2000 ambayo pia yaliongeza mambo ya usalama ili chombo kifuate sheria za sasa, sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwenye mfuko wa bahati nasibu yao unaosaidia urithi. Mwaka 2019 boila zikachoka tena, wakafuta msimu mzima, hakuna safari hata moja, wakaomba pauni milioni 2.3, wakazipata kwa watu na serikali, na Agosti 2020 ikarudi kazini katikati ya korona. Wiki chache baadae ikagonga gati Brodick kisiwani Arran na watu wakaumia. Ikatengenezwa tena. Mwaka 2022 ikatimiza miaka 75 ya kazi. Kuna wanaouliza, chuma kimebadilishwa, boila zimebadilishwa, mbao zimebadilishwa, ni stima ileile kweli? Mwenye jahazi Nungwi hatouliza swali hilo. Jahazi linabadilishwa ubao leo, taruma la ubavuni kesho, mkuku, ule mti wa chini kabisa, mwaka unaofuata, na bado ni lile lile alilolirithi kwa baba yake, na mashine ya Waverley ni ileile ya 1947 mpaka leo.

Mtasema sie Zanzibar yanatuhusu nini haya. Yanatuhusu tena sana, mto ule na bandari yetu ni jamaa wa zamani.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliteketeza vyombo vya sultani wetu Seyyid Barghash hapa bandarini, na mwishoni mwa mwaka huohuo meli za barua za British India zikaanza kufika Unguja, kampuni ya William Mackinnon, na huyo Mackinnon kwao ni Campbeltown, mji ambao stima za mandari za Clyde zilikuwa zinaufikia. Barghash alipotaka meli yake ya kifalme aliagiza kwa waunda meli William Denny huko Dumbarton, mto huohuo Clyde, ikashushwa majini mwaka 1878 na kuitwa Glasgow, imefananishwa na manowari ya Kiingereza ya jina hilo aliyoiona ikampendeza. Denny hao hao baadae ndo walioshusha King Edward mwaka 1901, meli ya kwanza ya biashara duniani kwenda kwa tabini, yaani mapanga yanayozungushwa na mvuke badala ya pistoni, na hiyo ilikuwa ya mandari, ya abiria wa Clyde! Yaani mafundi wa gati moja walimuundia sultani wetu meli ya fahari alafu wakawaundia wafanyakazi wa viwandani meli ya kutembelea.

Na angalieni mwisho wa kila moja. Meli ya sultani ilikuwa na mizinga, na bunduki ya Gatling aliyopewa zawadi na malkia Victoria, lakini haikumpendeza alipoipata, haikuwa na raha za kifalme alizozitaka, ikawa imetia nanga tu mbele ya kasri miaka inakwenda. Ikapata kazi ya kweli asubuhi moja tu, tarehe 27 Agosti 1896, Seyyid Khalid yuko kasrini kajitwalia usultani, Waingereza hawamtaki wakafyatua, Glasgow ikajibu kwa mizinga yake midogo na manowari ya St George ikaizamisha palepale. Vita vyote havikufika hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji mpaka 1912 ndo wakaivunja na kuiondoa. Chombo cha mtu mmoja, kimekaa, kimezama. King Edward ilipakia watu nusu karne.

Hata nchi kavu sie tulikuwa na mandari yetu. Gari moshi la Bububu lilianza 1905 kutoka Forodhani pale kwenye Ngome, linapita Darajani linakwenda mpaka Bububu, maili 7 hivi, wazee wetu walikuwa wakitusimulia kwamba watu walilipanda kwa kutembea tu wakale upepo wa shamba warudi. Limekufa miaka ya 20 mwishoni, reli zikang'olewa, leo ukimwambia kijana wa Darajani kwamba treni lilikuwa likipita hapo mbele ya maduka anacheka.

Na meli za serikali, wazee wenzangu wanazikumbuka, Jamhuri, Mapinduzi ile ya kwanza, Maendeleo. Watu wameoa kwa meli hizo, wamezika kwa meli hizo, nani hakulala kwenye sitaha kwenda Pemba kichwa juu ya gunia la karafuu. Leo ukimuuliza mtoto ataziona wapi, mie sina la kumjibu. Bara wenzetu wana MV Liemba pale Kigoma, iliundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 ili isichukuliwe, ikaibuliwa na kuanza kazi tena 1927. Imepata umri huo kwa sababu moja tu, watu wa Ziwa Tanganyika waliihitaji, walipanda na mihogo yao na dagaa wao na watoto wao. Ingewekwa juu ya mawe Kigoma ikapakwa rangi, kutu ingeimaliza zamani.

Makumbusho siyapingi. Mtepe ule, chombo cha kale cha pwani, ulioshonwa kwa kamba mwaka 2003 ukawekwa ndani ya Beit al Ajaib ulikuwa ni kazi ya maana, mafundi walikumbushwa kitu kilichokuwa kinapotea. Lakini sote tunajua lililotokea Disemba 2020 jengo lenyewe likaporomoka upande. Kitu kukaa ndani si kusalimika.

Sasa nije kwenye langu. Simameni Forodhani alasiri yoyote mtazame baharini, mtaona majahazi yametweka matanga yanakwenda kutazama jua likizama, ngoma zinapigwa, matunda yamekatwa kwenye sahani, na ndani ni wageni watupu, Mswahili aliyemo ni nahodha na anaekata matunda. Boti za visiwa vya Changuu na Bawe vivyo hivyo, bei za kitalii. Wageni waje tu, sina neno nao, wanalisha watu. Lakini mtu wa Mwanakwerekwe au wa Jang'ombe anapanda chombo kwa shida tu, kwenda Dar kwa matibabu, kwenda Pemba kwenye msiba, boti ya mwendo kasi, kakaa ndani kwenye kiti vioo vimefungwa tivii inapiga kelele, saa mbili kafika, bahari hakuiona. Kuna watoto wa Mjini Magharibi kabisa, mita chache kutoka majini, hawajawahi kuuona mji wao kutoka baharini. Na tangu kuzama meli za Spice Islander 2011 na Skagit 2012, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kuna nyumba ambazo bahari haitajwi. Mie najua hofu hiyo, nimepoteza wenzangu. Hofu hiyo haitoki kwa hotuba, inatoka kwa chombo kizima kilichokaguliwa, maboya ya kutosha, idadi ya watu imeandikwa mlangoni na mtu wa kuhesabu asiyepokea kitu kidogo.

Ninachopendekeza hakihitaji stima ya mvuke, hatuna makaa wala boila na Inshallah tusizitafute. Panahitajika chombo kimoja cha zamani chenye bodi zima, wenye taaluma wakipime kweli kweli, kifanyiwe matengenezo, kitengewe kazi moja ya mandari. Sikukuu ya Idi siku ya pili na ya tatu, Jumapili za kaskazi na za matlai bahari inapotulia. Kitoke Malindi, kipite mbele ya Mizingani na Forodhani na Shangani polepole watu wauone mji, kizunguke Bawe na Changuu, kirudi kabla ya magharibi watu wawahi kusali. Pemba kitoke Mkoani kiende kuzunguka kisiwa cha Misali. Wakati wa kusi kivutwe juu kipigwe rangi, hata Waverley inafanya kazi majira ya joto tu, wakati wa baridi imefungwa gatini mafundi wanaigombania. Taarabu iwepo, urojo uwepo, mlango wa chumba cha mashine uachwe wazi nyuma ya kizuizi ili mtoto aone kinachomsukuma. Nauli isizidi bei ya sahani ya chipsi kuku na soda, watoto wa skuli nusu yake, mgeni alipe ya mgeni, hilo halina ubaya.

Pesa ya kuanzia itoke wapi? Najua hilo swali litakuja, tena litakuja kwa ukali. Wale wa Glasgow walianza na pauni moja ya kununulia na pesa nyingi sana za kuomba, na wanaomba mpaka leo, kila mwaka chombo kinakaribia kufa na kila mwaka watu wananunua tiketi na kutia mkono mfukoni. Sie Wazanzibari tunachangia harusi ya mtu tusiyemjua vizuri kwa sababu tu tumepata kadi, tunachangia timu, tunachangia maulidi. Chama kinaweza kuanza na mabaharia wastaafu peke yao, tuko wengi barazani tunacheza bao, mafundi, masarahangi, manahodha, na kazi ya mikono hatutodai mshahara. Kinachotakiwa kwa wakubwa ni kibali, ukaguzi wa haki, na chombo chenyewe kabla hakijafikiwa na wenye mashine za kukatia vyuma.

Kuna jamaa aliyeniambia barazani kwamba sie si Wazungu, hatuna tabia ya kutembea baharini bila ya kazi. Huyo hajawahi kukaa pwani siku ya Idi akaona ngarawa moja inavyopandwa na vijana mpaka mwenyewe anapiga kelele.

Ombi langu kwako mhariri ni kwamba kama kuna wasomaji wenye picha za zamani za abiria juu ya sitaha, za Jamhuri au nyingine yoyote, uwatangazie wazilete hapo ofisini mzitoe gazetini moja moja kila wiki. Na wastaafu wenzangu wa bandarini wanaokubaliana na nilosema, nipo baraza ya nyuma ya soko la samaki la Malindi baada ya swala ya alasiri, waje na majina ya vyombo wanavyovijua vilipolala na hali ya mkuku wake, rangi tutaizungumza baadae.

Wako,
Fundi mashine mstaafu,
Malindi, Unguja